Kabla ya Kumpa Kabaka Meno ya Mnyonya Damu

Hadithi yangu ya kwanza ya mfalme aliyefufuka ilimhusu Suuna wa Pili, Kabaka wa Buganda aliyefariki mwaka 1856. Nilimtoa kaburini Wamala usiku wa manane, nikamvika joho jeusi na kumwotesha meno mawili marefu, kisha nikamsomea mzee mmoja jirani yangu hapa Kampala. Alisikiliza hadi mwisho huku akimenya karanga, ndipo akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyo alimng'ata mtu kwa taya lipi?"

Sikuwa na jibu. Kwa desturi ya enzi hizo, Kabaka akifariki, taya lake la chini lilitenganishwa na mwili, likapambwa kwa shanga na kauri, likatunzwa katika nyumba yake lenyewe. Mutesa wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1884, ndiye aliyeivunja desturi hiyo alipozikwa Kasubi na taya lake.

Kwa hiyo anayetaka kuandika hadithi za aina hii namshauri aanze na namna watu wa mtawala huyo walivyokielewa kifo chake. Meno yatafuata, kama yatahitajika. Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia katika Romania ya leo aliyeitwa pia Dracula, aliwatunga maadui zake kwenye miti kama mishikaki, lakini aliyempa mnyonya damu jina hilo la Dracula ni mwandishi Bram Stoker, katika riwaya ya mwaka 1897, nalo likakaa vizuri kwa sababu nchi zile tayari zilikuwa na imani za maiti wanaotoka makaburini.

Buganda haisemi kwamba Kabaka amekufa, bali kwamba moto umezimika, kwa kuwa upo moto unaowaka langoni mwa ikulu muda wote wa utawala wake. Ndani ya nyumba kuu ya Kasubi, pazia la nguo ya magome huficha mahali panapoitwa msitu, na wafalme wanne waliozikwa hapo huhesabiwa kuwa wameingia msituni. Tena wanyonya damu wetu tunao: enzi za ukoloni, watu wa Kampala waliwaogopa wazimamoto, wakiamini kwamba hukamata watu usiku na kuwatoa damu, kama watu wa pwani walivyomwogopa mumiani. Moto wa mfalme unazimika, kisha wanakuja wazimamoto. Sijui ningetafuta nini zaidi ng'ambo.

Jina la mfalme nililibadilisha, na wewe nakusihi ubuni lako, maana ukoo wa kifalme upo hai, na Kasubi ilipoungua Machi 2010 niliona watu wazima wakilia barabarani. Mfalme wangu wa sasa hamng'ati mtu. Hunena akiwa msituni, kwa kinywa cha mganga aliyempanda kichwani, akidai arudishiwe taya lake.

Nilimpelekea mzee nakala mpya mwezi uliopita. Aliuliza jambo moja tu, taya hilo limo mikononi mwa nani, na sura ya pili ninayoiandika sasa imeanzia hapo.