Steringi hafi, mpaka siku ya Gallipoli

Wiki hii mmeuliza, "Sinema gani ya vita imekukaa kichwani, na kwa nini?" Najua wengi watawatajia zile za makomandoo, jamaa mmoja anamaliza kambi nzima na bunduki haiishiwi risasi. Mi yangu ni Gallipoli, ya Waaustralia, imetoka 1981, aliiongoza Peter Weir. Niliionea kibanda umiza nikiwa form two, na tuliingia kwa sababu moja tu, kwenye kava kulikuwa na Mel Gibson. Mel Gibson kwetu alikuwa steringi, na steringi kama mnavyojua hafi.

Sasa ile sinema nusu nzima ya kwanza hakuna vita kabisa, watu wakaanza kupiga kelele oya peleka mbele. Ni vijana wawili wa Australia Magharibi, Archy na Frank (Frank ndo Mel Gibson), wote wakimbiaji, wanakutana kwenye mashindano Archy anamshinda Frank halafu badala ya kununiana wanakuwa washkaji. Archy ana miaka 18, umri wa kujiunga na kikosi cha farasi haujafika, anadanganya. Mjomba wake ndo kocha, kabla ya mbio anamuuliza miguu yako ni nini, dogo anajibu springi za chuma, utakimbia kama nani, kama chui. Yale maneno shikeni.

Kuna sehemu wanakatiza jangwa kwa miguu, wanakutana na mzee na ngamia wake, mzee hata hajasikia kama kuna vita. Archy anajitutumua kumweleza, tusipowazuia Wajerumani kulekule watatufikia mpaka hapa. Mzee anatupa macho kulia kushoto, ni mchanga mtupu na chumvi, anasema basi waje tu wachukue. Kibanda kizima kilicheka. Mi nimekuja kugundua ukubwani kwamba Archy hakuwa na jibu, na akaenda hivyohivyo.

Mambo yenyewe yanatokea Uturuki, kwenye kigongo chembamba cha mlima kinaitwa the Nek, alfajiri ya tarehe 7 Agosti 1915, Vita ya Kwanza ya Dunia, na hii ni historia ya kweli siyo ya sinema tu. Mizinga ilitakiwa ipige mahandaki ya Waturuki mpaka saa kumi na nusu ndo vijana watoke, ikanyamaza dakika 7 kabla. Inasemekana saa za mizinga na saa za mahandaki hazikuwa zimelinganishwa, basi, kitu kidogo hivyo. Dakika 7 zinawatosha Waturuki kurudi kwenye bombom zao na kukaa kusubiri. Watu walitoka kwa mafungu manne, kila fungu kama 150, na amri ilikuwa singe tu, bunduki hazina risasi ndani. Eneo lenyewe halizidi viwanja vitatu vya tenisi. Fungu la kwanza likaisha ndani ya nusu dakika hivi, la pili linaliona la kwanza limelala pale na bado linapulizwa filimbi, litoke. Waaustralia 234 walikufa asubuhi hiyo kwa ajili ya kipande cha ardhi ambacho hawakukipata, na Waingereza waliporudi 1919 baada ya vita mifupa ilikuwa bado juu ya udongo.

Lakini kilichonikaa kichwani ni hiki. Meja anataka tarishi wa kupeleka ujumbe, anamchagua Archy maana ndo mwenye mbio. Archy anakataa, anasema mpeni Frank. Anajua Frank anaogopa, na Frank mwenyewe hajawahi kuficha. Yaani mkimbiaji bora anatoa nafasi ya kukimbia ili mwenzake apone, halafu simu inakatika, kanali kang'ang'ania shambulio liendelee, na maisha ya watu wote yanabaki kwenye miguu ya yule wa pili kwa mbio. Frank anakimbia mpaka kwa jenerali, jenerali anasema ngoja nilifikirie upya, Frank anageuka anarudi mbio na huku nyuma simu imeshatengenezwa na kanali kashasema watoke. Angeenda Archy angewahi? Nimebishana na watu wengi juu ya hili na bado sijui niwe upande gani.

Kasoro inayo. Inakufanya uone kama Waingereza ndo walioua wale vijana huku wenyewe wanakunywa chai ufukweni, wakati afisa aliyeng'ang'ania siku ile alikuwa Mwaustralia mwenzao, Antill. Ni rahisi kumlaumu mgeni. Halafu vita ni ileile iliyotuachia jina la Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale Dar, na wale hata singe hawakupewa, walipewa mizigo.

Turudi kibandani. Mwisho wake Archy anachomeka medali yake ya mbio kwenye ukuta wa handaki, wenzake wanachomeka barua na pete, filimbi inalia. Anatoka, anadondosha bunduki, anakimbia mikono mitupu kama yuko uwanjani. Risasi zinampata kifuani, kichwa kinarudi nyuma kama mtu anayekata utepe, na picha inaganda hapohapo. Ndo mwisho. Sisi tukajua CD imekwama. Kelele, CD imeganda, futa CD! Mwenye kibanda akaitoa, akaifuta na shati, akaipuliza, akairudisha nyuma kidogo. Archy akatoka tena, akakimbia tena, akaganda palepale. Akaifuta mara ya pili, safari hii akaipaka na dawa ya meno, na sisi tumekaa tunasubiri, mtu mmoja nyuma anasema tulieni, steringi ni Mel Gibson, huyo siyo steringi.