Kolaji ya picha: namna ya kuingiza miguu yako ndani ya mandhari

Mara ya kwanza nilipopiga picha tambarare inayoonekana kutoka jabali la Irente, juu ya Lushoto nchini Tanzania, nilirudi nyumbani na picha 10 safi ambazo hata moja haikufanana na nilichokiona. Ukiwa pale macho hayatulii: yanashuka na ukingo wa jabali, yanakimbilia Mazinde chini kabisa, kisha yanarudi kwenye nyasi zilizo karibu na viatu vyako. Kamera huvitazama vyote hivyo kutoka mahali pamoja, kwa mpigo mmoja. Ndipo nilipohamia kwenye kolaji, yaani picha nyingi zinazobandikwa pamoja ziwe moja.

Anayetaka kuanza aitazame kwa utulivu kazi ya David Hockney, msanii wa Uingereza, iitwayo Pearblossom Hwy., iliyotokana na picha alizozipiga jangwani California kwa siku 8 za Aprili 1986. Ni picha zaidi ya 700 zilizobandikwa pamoja. Kilichonishika mimi ni kibao cha barabarani cha kusimama: Hockney alipanda ngazi ili akipige wakiwa uso kwa uso, ndiyo maana herufi zake zimenyooka mbele yako, ilhali kwa mtu aliyesimama chini zingeonekana zimeinuka juu yake. Makopo yaliyotupwa kando ya barabara nayo aliyasogelea. Katika mtazamo tuliourithi kutoka kwa wachoraji wa Italia wa karne ya 15, mistari yote hukimbilia nukta moja, na mtazamaji hana ruhusa ya kusogea. Hapa kila kipande kimepigwa kutoka mahali pake, nawe unajikuta unatembea.

Kwa hiyo jambo kubwa ni miguu. Ukisimama mahali pamoja ukazungusha kamera utapata panorama, yaani picha moja pana, ambayo simu janja nyingi hukuunganishia zenyewe, na bado utakuwa umesimama palepale. Niliporudi Irente nilipiga magoti mbele ya ufa mmoja wa mwamba, mwembamba kama kidole, wenye nyasi kavu zilizolalia upande wa upepo, nikaupiga picha 9. Kwenye kolaji ufa huo ni mpana kuliko vijiji vyote vya bondeni, na sikuupunguza, kwa sababu ndio nilioutazama kwa muda mrefu zaidi.

Angalia sana mwangaza. Kolaji yangu ya kwanza iliharibika kwa sababu niliiacha kamera ijipangie mwangaza kwa kila picha, kisha mashine ya studio nilikosafishia ikazirekebisha rangi moja moja, na anga likatoka viraka vya kijivu na samawati. Siku hizi ninaufunga mwangaza kwenye kamera usibadilike, kabla ya kuanza, na studioni ninaomba rangi ziachwe kama zilivyo. Wingu likihama katikati ya kazi, liache lihame. Muda uliopita nao ni sehemu ya ulichokiona.

Usiharakie gundi. Ninazitandaza picha sakafuni kwa siku 2 au 3, nikianzia kwenye kitu nilichokipenda badala ya kuanzia pembeni, na maungio siyafichi hata kidogo. Wala sizikati kingo ili zinyooke. Kolaji ya Irente imechongoka upande wa kushoto, mahali nilipoinama kufuata jabali, na chini kabisa zinaonekana ncha za viatu vyangu, zikiwa na vumbi jekundu la njiani.