Barua kwa mwanangu: siku ya pili yake

Wete, Pemba
Mwezi wa Rajab

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, mara moja na babaako barazani na mara mbili peke yangu jikoni. Unasema nyinyi Wapemba mnaokaa nyumba moja huko Muscat mmebishana mpaka wali ukapoa sahanini: Othman Masoud wa ACT-Wazalendo agombee tena urais wa Zanzibar mwaka 2030, au apishe wengine? Mmoja kasema aliyeshindwa akae kando. Mwengine kamleta Hichilema wa Zambia, kashindwa mara tano na ya sita kaingia Ikulu. Halafu ukaniambia, "Mama, wewe unapiga kura tangu 1995, sema wewe." Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Nianze na huyo Hichilema, maana ndiye aliyekushika. Ni kweli aligombea 2006, 2008, 2011, 2015 na 2016, kote akakosa, na Agosti 2021 akapata. Lakini mwambie mwenzako asimtazame mtu peke yake, aitazame na nchi. Kaunda alishindwa kwa kura mwaka 1991 akaondoka. Mwaka 2011 Rupiah Banda naye alishindwa, akaondoka. Hichilema alikuwa anabisha mlango ambao Wazambia walikwishauona ukifunguka mara mbili. Sisi tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, chama kinachotawala Zanzibar hakijatoka hata mara moja. Na Maalim Seif, kiongozi wetu wa upinzani, naye aligombea mara sita, mwanangu. Sita kamili kama huyo wa Zambia: 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020. Mmoja akaapishwa kuwa Rais, mwengine akazikwa Mtambwe. Kwa hiyo hesabu ya mara ngapi tuiweke pembeni.

Mie mara ya kwanza nilimpigia Maalim kura wewe ukiwa tumboni. Ilikuwa tarehe 22 Oktoba 1995, jua kali, na foleni imezunguka skuli nzima. Wino wa kidoleni haukutoka wiki nzima. Kila nikikanda unga bibi yako ananiambia nimetia uchafu. Matokeo yalichukua siku nne. Yalipotoka, Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim 49.8. Waangalizi wa nje wenyewe walizitilia shaka hesabu zile. Basi hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vijana mkibishana mnalipita: sisi tulikuwa tumejiandaa kushinda tu. Kiongozi hakutwambia, wala hatukumuuliza, tukiambiwa tumeshindwa tutafanya nini kesho yake.

Ya mwaka 2000 unayajua kwa kusikia, ulikuwa huna miaka mitano. Uchaguzi ulivurugika, ukarudiwa kwenye majimbo 16 na chama chetu, CUF, kikasusia, halafu tarehe 27 Januari 2001 watu wakatoka kuandamana, hapa Wete, Micheweni, na kwengineko. Risasi zikalia. Waliokufa, mpaka leo hesabu ya serikali na ya watu wa haki za binaadamu hazilingani. Babaako hakuandamana, alikuwa na homa, lakini usiku walipoanza kuingia majumbani alitoka kwa mlango wa nyuma na kanzu moja, akapanda mashua na watu asiowajua mpaka Shimoni, Kenya. Walivuka wengi, zaidi ya elfu mbili. Miezi nilikaa sijui nikujibu nini ukiniuliza baba yuko wapi. Nilikwambia kaenda kuvua. Ulikuwa ukisikia mtu anapita na samaki unakimbilia mlangoni. Alirudi baada ya muafaka wa Oktoba mwaka ule, amekonda, na redio ndogo ya betri aliyopewa na Mdigo mmoja aliyemhifadhi. Ndiyo ile iliyo kwenye kabati la vyombo.

Sikwambii haya ili useme Maalim ndiye aliyekosea. Aliyefyatua ndiye aliyefyatua. Lakini mgombea anaporudi harudi peke yake. Anarudi na sisi.

Sasa nikupeleke 2010, kwa sababu jibu langu limelala hapo. Safari ile Maalim alikuwa ameshakaa na Rais Amani Karume, Novemba 2009, wakamaliza mambo yao. Tarehe 31 Julai 2010 tukaitwa kwenye kura ya maoni, tukaulizwa kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, na karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa kabla ya uchaguzi: atakayeshika nafasi ya pili anatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Oktoba tukapiga kura. Dk. Shein asilimia 50.1, Maalim 49.1. Tofauti ya punje ya mtama, kama ya mwaka 1995! Babaako na redio yake sikioni, mie natetemeka, viatu vyake nilikwishavitoa uani nikavificha, kwa ujinga wangu nikidhani nitamzuia kukimbia. Kule Bwawani matokeo yakatangazwa, na Maalim akampongeza mwenzake.

Siku ya pili yake nilikwenda sokoni nikanunua jodari. Hayo tu. Muuzaji akanipunja kama kawaida yake, nikagombana naye, nikarudi nyumbani kupika. Mtu asiyepita 1995 na 2001 hawezi kujua siku ile ilikuwa na thamani gani. Wakati ule Maalim alishindwa, na kwangu mie ndiyo mara aliyotufaa kuliko zote, kwa sababu aliijua siku ya pili kabla ya siku ya kura.

Mwaka 2015 ukaja ukayafuta. Tulipiga kura tarehe 25 Oktoba, Maalim akajitangazia ushindi kabla ya Tume, na tarehe 28 mwenyekiti wa Tume, Jecha, akaufuta uchaguzi wote. Wa marudio wa Machi 2016 Maalim aliukataa, na hapo mie na babaako tulikhitilafiana mpaka tukanuniana siku mbili. Yeye alisema mtu haingii mara ya pili kwenye nyumba aliyoibiwa. Mie nikasema haki anayo, lakini akikataa nani atatusemea Barazani? Jina lake liliachwa kwenye karatasi, akahesabiwa asilimia isiyofika mbili. Wawakilishi wa CUF wakatoka wote, kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa bure mpaka 2020. Kwa hiyo anayesema "asigombee, apumzike" nayeye atwambie gharama ya kutogombea. Ipo, tumeilipa.

Ya 2020 nitayapita haraka, ukubwani umeyaona mwenyewe. Nitasema tu kwamba mzee wa miaka 77, chama kipya cha ACT-Wazalendo, matokeo asilimia 19 na kitu, na watu wamekufa tena huku kwetu, Disemba alikubali kuwa Makamu wa Kwanza. Wapo waliomtukana. Mie sikumtukana, ila nililia, sikujua nalia furaha au hasira. Miezi miwili na siku chache akafariki, tarehe 17 Februari 2021.

Ndiyo nafika kwa Othman Masoud. Ni mwanasheria, si mtu wa majukwaa. Mwaka 2014 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, akapiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara katika Bunge la Katiba, na siku chache baadaye akaondolewa kazini. Namheshimu kwa lile kuliko kwa kampeni yake. Mwaka 2025 aligombea akitokea kwenye kiti hicho hicho cha Makamu wa Kwanza, Dk. Mwinyi akatangazwa kwa karibu asilimia 75, na chama chake kikayakataa matokeo. Wenzako wanaosema amepimwa akaonekana mwepesi wanakosea mizani. Wanaosema arudi kwa sababu ni mrithi wa Maalim nao wanakosea: Maalim hakumwachia mtu kura zetu kama shamba la mikarafuu.

Jibu langu, basi, ni kwamba agombee akitaka na chama chake kikitaka, lakini asije kwangu 2030 na gari la spika. Aje sasa. Aje akae majamvini, tukichambua karafuu, atwambie Tume itakuwa ya namna gani na amezungumza na nani kuhusu hilo. Na atwambie, wakimtangaza wa pili, yeye atasema nini saa ile ile na sisi tutalala wapi. Akiwa na jawabu kama lile la 2010, nitakwenda foleni hata kwa fimbo. Akiwa hana, nitampenda vilevile na nitamwambia ampishe mwenye nalo, awe kijana au mwanamke, hata sijamsikia jina. Hilo la ujana wenyewe halinishughulishi; nimeona vijana wenye pupa na wazee wenye pupa.

Babaako nilimsomea barua hii kabla ya kuifunga. Sehemu ya mashua alitazama pembeni. Kisha akauliza kama nimekwambia kuhusu redio. Nikamwambia nimekwambia. Akasema, "Basi mwambie akija alete betri nne, zile kubwa, za hapa hazidumu hata mwezi."

Na ile mafuta ya mgongo pia, usisahau.

Mama yako