Msilipe kwa tripu

Waalaikum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza vipi kamati yenu impe mtu mkataba wa kuondoa minazi, mabati na kifusi kilichorundikwa kando ya barabara baada ya upepo, na mwenye gari anataka alipwe kwa tripu.

Msikubali. Matawi ya mwembe yakitupwa ovyo garini huonekana mlima, kumbe katikati mna uwazi mtupu. Lipeni kwa ujazo. Pimeni bodi ya kila gari kwa futikamba kabla ya kazi: urefu mita 4, upana 2, kina 1, basi ni mita 8 za ujazo. Ziandikeni ubavuni kwa rangi. Kisha wekeni watu wawili, mmoja mzigo unapopakiwa, mwengine unapomwagwa, na kila safari ina kikaratasi chake: namba ya gari, saa, limejaa kiasi gani. Sisi tulimweka wa kupakia tu. Kifusi tukakikuta kwenye mikoko, na pesa tushalipa. Iliniuma sana.

Pahala pa kumwaga paandikwe mkatabani, baraza la mji likiwa limeshapakubali. Magogo ya minazi yasiachwe yakaoza. Humo ndimo chonga, mdudu atoboaye minazi, huzaliana, kisha huivamia minazi iliyosalia.

Mti ulioegemea waya wa umeme asiuguse mtu mpaka ZECO, shirika la umeme, wakate umeme.

Na fungu la mwisho la malipo lishikeni hadi sheha aipite barabara yote kwa miguu.