Mimba zabibu haitoki shambani

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mkulima wa zabibu huku Hombolo. Mwezi wa tatu, wakati wa mavuno, nilikuwa na mimba ya miezi mitatu lakini tumbo lilikuwa kama la miezi mitano. Nikaanza kutoka damu. Ultrasaundi haikuonyesha mtoto. Daktari akasema ni mimba zabibu, nikasafishwa. Mama mkwe anasema nimeipata kwa kula zabibu nikiwa mjamzito. Daktari naye alitaja mbegu za baba, na tangu siku hiyo mume wangu amenuna. Kosa ni la nani? Damu nimepima mara mbili, nikaacha kwa sababu ya nauli, na siumwi popote.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana. Umepoteza mimba, na badala ya kupewa pole umeulizwa ulikula nini.

Nimekuwa mkunga Dodoma miaka mingi. Siku ya kwanza nilipoiona kwenye beseni nilijua jina limetoka wapi: vilengelenge vya maji, vingine kama punje ya mtama, vingine kama zabibu changa, kila kimoja kwenye kikonyo chake chembamba. Lile ni kondo la nyuma lililovimba maji. Jina ni la sura tu. Hata wanawake wa nchi zisizoota mzabibu wanaipata.

Yai la mama hubeba kromosomu 23, yaani nyuzi zinazobeba urithi, na mbegu ya baba 23. Katika mimba zabibu kamili yai huwa halina zake. Mara nyingi mbegu moja huingia, ikarudufu zake zikafika 46. Hesabu imetimia, ila zote ni za baba. Ipo pia isiyo kamili, ambapo yai zima hupata mbegu mbili, jumla 69.

Sasa mbona 46 za baba zisitoe mtoto? Mwaka 1984 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na wengine wa Philadelphia, Marekani, walitengeneza viinitete vya panya vyenye urithi wa upande mmoja. Vya baba peke yake vilikuza tishu za kondo, mtoto akabaki duni sana. Vya mama peke yake vilianza kumjenga mtoto, lakini kondo likawa dhaifu. Mimi jambo hili hunigusa kila nikilifikiria. Jeni kadhaa, yaani vipande vya urithi vilivyo kwenye kromosomu, huja na alama ya mzazi aliyezitoa. Jeni iitwayo IGF2, inayochochea ukuaji, hufanya kazi kwenye nakala ya baba huku ya mama ikiwa imezimwa. Nyingine upande wa mama ndio unaozitumia kuzuia kondo lisikue kupita kiasi. Ukikosekana upande wa mama, kondo hukua bila kizuizi.

Kwa hiyo mwambie mumeo mbegu yake haikuwa na kasoro, ilikosa mwenzake tu. Na wewe hukuchagua yai lipi litoke. Hakuna mwenye kosa hapo.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo damu uliyoacha kupima. Baada ya mimba zabibu kamili, wanawake kama 15 hadi 20 kati ya 100 hubaki na chembe zinazoendelea kukua, na zinaweza kufika hata kwenye mapafu. Mwanzoni huumwi. Kinachozifichua ni homoni ya ujauzito kwenye damu: ikigoma kushuka, au ikipanda tena, zimebaki. Zikijulikana mapema hutibika vizuri kwa dawa. Ndiyo maana pia unahitaji uzazi wa mpango kwa sasa, kwani mimba mpya hupandisha homoni ileile na daktari hataweza kutofautisha. Muda wa kusubiri atakupangia yeye. Kujirudia ni nadra, 1 au 2 kati ya 100.

Nauli muombe mumeo, na ikiwezekana mwende wote ili ayasikie haya kwa daktari mwenyewe. Beba majibu yote mawili ya mwanzo, wayalinganishe na ya sasa. Ukikohoa damu au kutokwa damu tena, usisubiri tarehe ya kliniki.

Zabibu endelea kula.