Mimi na wanangu tutaweza kujijengea?

SWALI: Dada Fundi, shikamoo. Mimi ni mama lishe, nina kiwanja Kilosa chenye udongo mwekundu tele. Wanangu wawili wamemaliza kidato cha nne, wana nguvu ila ufundi hawana. Pesa ya kumlipa fundi nyumba nzima sina. Nimeona mashine ya mkono ya kufyatua matofali ya kufungamana ikikodishwa. Tutaweza vyumba viwili sisi wenyewe?

JIBU: Marahaba. Kuta mtazipandisha, mama yangu, sina wasiwasi. Msingi, linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) na kenchi za paa mwite fundi. Hela kidogo uliyonayo iende huko.

Sasa mchoro. Tofali hilo lililozoeleka hapa Tanzania lina urefu wa sentimita 30, upana 15, kimo 10. Kila urefu wa ukuta na uwazi ugawanyike kwa 15, yaani nusu tofali. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni matofali kumi kila upande. Mlango sentimita 90, matatu. Dirisha 120, manne. Nyumba ya kwanza niliyowachorea watu wa kujijengea niliweka milango ya sentimita 80. Vijana wa watu wakawa wanakata tofali kwa panga kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, na mengi yakapasuka mikononi mwao. Kosa lilikuwa langu, hasara ikawa yao. Tangu hapo nachora kwa kuhesabu matofali.

Kabla ya kukodi mashine, pima udongo. Ondoa ule wa juu wenye mizizi. Tengeneza kisanduku cha mbao, ndani kiwe sentimita 60 kwa 4 kwa 4, kipake mafuta, ujaze udongo uliolowa, ushindilie hadi kwenye pembe. Anika juani siku tatu. Usukume wote upande mmoja, upime mwanya uliobaki. Chini ya milimita 15, ndoo moja ya saruji kwa 18 za udongo. 15 hadi 30, kwa 16. 30 hadi 45, kwa 14. Hadi 60, kwa 12. Ukizidi hapo ongeza mchanga, upime upya.

Vyumba viwili vilivyoungana, kuta za kozi 24, vinakula matofali kama 1,550. Fyatueni 1,700. Yafunikeni kwa nailoni na kuyamwagia maji siku saba. Msijengee kabla ya siku 28.

Kozi ya kwanza ndiyo nyumba yenyewe. Ipangeni kavu kwanza, mpime kwa kamba kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Ikipishana hata kidogo, sogezeni. Ndipo mlaze kwenye mota, udongo wa saruji na mchanga, mkisawazisha kwa mpira wa maji. Hata ikila siku mbili nzima, sawa. Kuanzia ya pili tofali linashika tofali; ninyi na timazi tu, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta usimame wima.

Niandikie mwanya umetoka milimita ngapi na kiwanja kimeinamia wapi, nikuchoree.