Paiki Akija, Tuliza Mkono

Msimu wa kuchoma paiki, samaki mrefu mwindaji wa maziwa ya baridi, kwa mkuki hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hufunguliwa katikati ya Novemba na kufungwa Jumapili ya mwisho ya Februari. Kila mwaka ndugu waliohamia karibuni huniuliza: nimekaa kibandani asubuhi nzima, paiki wamepita mara tatu, mbona narudi mikono mitupu? Mara nyingi kosa liko kwenye mkono ulioshika mshipi wa samaki wa mbao, yule chambo wa kuchonga anayening'inizwa majini.

Kwa ambaye hajawahi kuona: unakata barafu tundu pana, kama sentimita 60 kwa 90, kisha unaweka kibanda juu yake. Ndani kuwe giza totoro. Mwanga unapenya kwenye barafu ya nje, na maji yanang'aa mpaka unahesabu majani chini, mita tatu. Mimi hutupa vipande vya viazi sakafuni mwa ziwa, ili mgongo wa samaki uonekane vizuri juu ya weupe.

Samaki wa mbao hana ndoana. Kazi yake ni kuita tu. Tumboni ana madini ya risasi ya kumpa uzito, mapezi yake ni ya bati, na ukimvuta kidogo na kumwachia anaogelea kwa kuzunguka. Waojibwe, wenyeji wa asili wa ukanda huu wa maziwa, wamewachonga kwa vizazi vingi, na ukimshika aliyechongwa vizuri unaona mara moja kwamba mchongaji aliwajua samaki.

Sasa paiki mwenyewe. Yupo anayekuja kasi na kumng'ata samaki wa mbao papo hapo. Huyo hana shida. Usimnyang'anye, mwache ashikilie.

Wa pili ndiye ninayempenda, na ndiye anayewashinda wengi. Anaingia polepole kama gogo linaloelea, anasimama, anatazama. Katika majira yangu ya pili ya baridi alikuja mmoja wa karibu mita nzima. Kwa furaha nikazidisha kumchezesha samaki wa mbao, nikidhani ndivyo anavyotaka. Akageuka taratibu, akaenda zake. Iliniuma wiki nzima. Paiki huwinda kwa kuvizia. Akishafika, amekwisha kuona alichokifuata. Punguza mkono mpaka samaki wa mbao atetemeke tu. Mtazame paiki mapezi: akijikunja mkia, yuko tayari kurusha mwili. Akianza kurudi nyuma bila kugeuka, hamu inamtoka, na hapo mguso mmoja mdogo wa mshipi humrudisha.

Halafu kuna kivuli kinachokaa pembeni, nusu kwenye majani. Huyo mzungushie samaki wa mbao duara moja dogo, aonekane anamkimbia, kisha simamisha. Usimpeleke upande wa paiki hata kidogo. Samaki mdogo gani humwendea paiki?

Mkuki nao usirushwe. Uteremshe mapema, meno yawe tayari ndani ya maji, kwa sababu ukiyatumbukiza wakati yeye yuko chini yako, kishindo kitamfukuza. Lenga nyuma tu ya kichwa, uachie uzito wa chuma ufanye kazi. Kamba iwe imefungwa kibandani.

Kabla hujaachia, hakikisha ni paiki. Ziwa kama Leech Lake lina maski pia, jamaa mkubwa wa paiki, na maski hachomwi. Paiki ana madoa meupe juu ya mwili wa kijani kilichokolea. Maski kwa kawaida ana alama nyeusi juu ya mwili mweupe zaidi, na ncha za mkia wake zimechongoka, za paiki ni butu. Soma pia sheria za ukubwa za ziwa lako, maana samaki aliyechomwa harudishwi majini akaishi.

Ukiondoa kibanda jioni, chomeka matawi kuzunguka tundu. Usiku litaota utando mwembamba, theluji italifunika, na kesho asubuhi huenda mtoto wa mtu akapita hapo.